Jua Likipita Kaskazini: Kupiga Picha Mitaa na Majengo ya Kale ya Lualaba na Likasi Wakati wa Kipupwe

Ukifika stesheni ya Tenke mwezi wa Juni kabla jua halijachomoza, vidole ndivyo vitakavyokuambia kwanza kwamba uko nyanda za juu. Usiku joto limeshuka chini ya nyuzi 10. Moshi wa makala unaotoka majikoni haupandi. Hewa ya baridi imeukandamiza, umelala juu ya mabati kama shuka. Utatamani kurudi kitandani. Usirudi. Katika mwaka mzima wa ukanda huu wa shaba, hakuna saa inayozipendelea kuta za zamani kama hiyo.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera au simu tu, anayetaka kupiga picha za mitaa ya katikati ya mji na majengo ya kale kati ya Tenke, Kolwezi na Likasi, hapa Congo. Nitataja saa kwa hesabu ya Kiswahili, si ile ya Kifaransa ambayo wengi wetu huku tumeizoea. Kwa hiyo ninaposema saa moja asubuhi nina maana ya saa ile jua limeshachomoza na watoto wako njiani kwenda shule.

Anza na jua, maana ndilo linaloamua kila kitu. Tuko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 10 na nusu. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu tarehe 20 Oktoba, jua la adhuhuri hutupita upande wa kaskazini. Katikati ya Juni huwa limeegemea huko kabisa: hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 56 hivi, na vivuli havifupiki kama vile vya Novemba, jua linapokaa utosini. Maana yake kwa mpiga picha ni kubwa. Ukuta unaotazama kaskazini unapata jua asubuhi, mchana na jioni. Unaotazama mashariki ni wa asubuhi, wa magharibi ni wa jioni. Unaotazama kusini haupati jua hata dakika moja tangu kucha hadi kuchwa, kwa kuwa jua linachomoza kaskazini ya mashariki na kuzama kaskazini ya magharibi.

Kwa hiyo kabla ya kubeba kamera, tembea mtaani bila kamera. Chukua karatasi, chora mtaa, na kwa kila jengo unalolipenda andika uso wake unatazama wapi. Dira ya simu inatosha. Nusu saa ya kazi hiyo itakuokolea asubuhi tano za kurudi nyumbani na picha za kuta nyeusi chini ya mbingu nyeupe. Uso wa kusini uachie dakika ishirini kabla ya jua kuchomoza au baada ya kuzama, mbingu nzima inapokuwa taa moja laini; au usubiri Desemba na Januari, jua linapohamia kusini na mvua imeshaziosha kuta. Katika wiki za Juni jua huchomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, na kuzama saa kumi na mbili jioni na dakika chache. Giza la huku halibembelezi: kutoka jua kuzama hadi taa za magari kuwa ndicho kitu pekee unachokiona, hesabu dakika ishirini na kidogo.

Kipupwe chenyewe si kitu kimoja. Mei, mvua zikishakatika, nyasi bado zina kijani na hewa ni safi kama glasi iliyofutwa. Jengo la mbali linaonekana tofali kwa tofali. Juni na mwanzo wa Julai ndiyo baridi yenyewe, na mbingu ni ya buluu kavu isiyo na wingu siku nyingi mfululizo. Kisha mioto ya pori inaanza, na kuanzia mwishoni mwa Julai hadi Septemba hewa inajaa moshi na vumbi. Watu wengi hapo huweka kamera kabatini. Mimi naona wanakosea. Katika mwezi wa Agosti jua la jioni huwa duara jekundu unaloweza kulitazama, na majengo yaliyo mbele yake yanabaki maumbo tupu: bomba la moshi, mnara wa kanisa, mlingoti wa umeme wa reli. Picha za jengo zima kutoka mbali zipige Mei na Juni. Agosti sogea karibu: mlango, bawaba, nondo za dirisha, rangi iliyobambuka, mkono wa mama unaofunga kufuli. Na miti mingi ya mitaani huwa imepukutisha majani, kwa hiyo nyuso za nyumba zilizofichwa mwaka mzima zinajitokeza.

Sasa juu ya baraza. Wabelgiji walilichukua neno hili kutoka Kiswahili, wakalitamka “barza”, na wakaliacha limejengwa kwa matofali mbele ya karibu kila nyumba ya wakati wao: kibaraza kirefu chenye nguzo, chini ya paa la bati lililoteremshwa. Baraza ndilo uso wa nyumba za ukanda huu, na ndilo linalowashinda wapiga picha wengi, kwa sababu ndani yake ni giza na nje ni mwanga mkali. Kipupwe kinakusaidia. Chukua baraza linalotazama kaskazini, lenye paa la urefu wa mita tatu: mwezi wa Juni jua la adhuhuri linaingia chini ya paa hadi kama mita mbili, likilala sakafuni na kupanda kidogo kwenye ukuta na mlango. Mwezi wa Desemba jua hilo haliingii kabisa. Picha ya baraza lililomulikwa hadi ndani, mzee ameketi kwenye kiti chake akiota jua, blanketi begani, ni picha ya miezi miwili mitatu tu ya mwaka. Ipige.

Ukiwa na kamera yenye mipangilio, ukuta unaopigwa na jua safi la kipupwe hautaki mahesabu makubwa: ISO 100, tundu la f/8, kasi ya 1/400, kisha rekebisha kidogo kutoka hapo. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe utaidanganya kamera iufanye wa kijivu. Ongeza mwanga kidogo. Mbele ya mlango wenye giza kamera itafanya kinyume, itauunguza ukuta ili ione ndani, punguza. Kwenye simu, gusa ukuta kwa kidole na ushikilie hadi kipimo cha mwanga kifungwe, ndipo uteremshe mwanga taratibu. Heri kivuli kibaki cheusi kuliko ukuta kupotea katika weupe, kwa kuwa kivuli unaweza kukifunua baadaye, lakini weupe uliokwisha kuungua haurudi. Kwenye kivuli cha kipupwe rangi huelekea buluu. Chagua alama ya kivuli kwenye mpangilio wa rangi, la sivyo matofali mekundu ya Likasi yatageuka kama ini.

Jambo lingine la ufundi nalisisitiza kuliko yote: simamisha kamera wima. Ukiinua kamera juu ili paa liingie, kuta zitaanguka nyuma kama jengo limelewa. Rudi nyuma hadi jengo lote liingie huku kamera ikiwa sawa na upeo wa macho, halafu kata barabara iliyozidi chini ya picha. Washa mistari ya gridi kwenye kioo na ulinganishe kona ya jengo na mstari. Mtaa ukiwa mwembamba, vuka, mwombe mwenye duka la ghorofani akuruhusu kusimama dirishani kwake. Kimo cha ghorofa ya kwanza kinanyoosha jengo la mbele vizuri kuliko programu yoyote.

Turudi Tenke, kwa sababu ndipo mahali pa kujifunzia. Ni mji mdogo lakini reli tatu zinakutana hapo: moja inatoka Lubumbashi na Likasi, moja inakwenda kaskazini kuelekea Kamina, na moja inakwenda magharibi hadi Kolwezi, Dilolo na mpaka wa Angola. Reli ya kaskazini ilifika Bukama mwaka 1918; ile ya magharibi iliunganishwa na reli ya Benguela mwaka 1931, na tangu hapo shaba ya huku ikawa na njia ya kwenda bahari ya Atlantiki kupitia Lobito. Nyumba za reli za aina hii zilijengwa kwa kipimo kimoja, zikapangwa kwa safu, na uzuri wake uko katika kurudiarudia: paa, baraza, bomba la jiko, paa, baraza, bomba la jiko. Usipige nyumba moja ukaondoka. Simama mwanzo wa safu saa moja asubuhi, jua likiwa linakuja kwa ubavu, ili kila nguzo itupe kivuli chake kwenye ukuta, na ujaze picha kwa mfuatano huo.

Lakini stesheni yenyewe usiipige kimyakimya. Reli, madaraja, viwanja vya ndege, kambi za askari na milango ya migodi ni vitu ambavyo polisi na watu wa usalama huku hawavichukulii kwa wepesi, na hoja ya kwamba ulikuwa unapiga usanifu haitakufikisha mbali jua likiwa kali na simu yako iko mkononi mwa mtu mwingine. Nenda kwanza kwa mkuu wa stesheni. Mjini nenda ofisi ya meya au ya komini, eleza unataka mitaa gani na kwa siku zipi, pata karatasi yenye muhuri, na utembee na nakala kadhaa, si moja. Kisha umwone mkubwa wa mtaa. Karatasi ya meya bila salamu za mkubwa wa mtaa ni nusu ya ruhusa.

Na stesheni zina kumbukumbu nzito kuliko matofali yake. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, waliofukuzwa Katanga, walilundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walifia hapo. Wapo waliobaki, wapo waliorudi. Kabla ya kumwomba mzee asimame mbele ya jengo kama hilo ili picha ipendeze, muulize kama anataka kusimama hapo. Akikataa, usimsihi.

Kolwezi ni kazi tofauti. Mji ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya migodi yake ya magharibi, ukagawanywa kama ilivyogawanywa miji yote ya kampuni: upande wa Wazungu wenye bustani na barabara pana, na upande wa Waafrika wenye nyumba zilizobanana. Leo Dilala na Manika ni komini mbili za mji mmoja, lakini ukipanda mahali pa juu bado utauona mgawanyo ule kwa upana wa viwanja na idadi ya miti. Hiyo ni picha ya kutafuta: fremu moja inayobeba pande zote mbili. Tangu mwaka 2015, Kolwezi ilipokuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba, majengo ya vioo na mizunguko ya barabara imeongezeka haraka, na la zamani linasimama ubavuni mwa jipya siku chache tu kabla ya kubomolewa. Usilikwepe bango wala waya za umeme ili jengo la mwaka 1950 lionekane safi. Rangi za kampuni za simu zilizopakwa kwenye kuta za maduka ya kale ni tarehe. Miaka 20 ijayo mtu atazitumia kujua picha ilipigwa lini.

Kuna sababu ya kufanya haraka. Shimo la mgodi la Musonoi liko ukingoni mwa mji, na nyumba za Cité Gécamines, zilizojengwa kwa wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Gécamines, zimekuwa zikibomolewa mgodi unapopanuka. Septemba 2023 Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la haki za binadamu la hapa Congo, walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa kwa nguvu kwenye maeneo ya migodi ya Kolwezi, na mtaa huo umo. Picha ya mlango wenye namba, ya mwembe uani, ya ukuta uliopakwa rangi na mwenyewe, inaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba familia iliishi pale na iliishi vizuri. Kwa hiyo kila nyumba ipige mara nne: uso mzima kutoka mbele, kona inayoonyesha ubavu, mtaa nyumba ikiwa katikati ya majirani, na kitu kimoja cha karibu. Siku hiyohiyo andika tarehe, jina la mtaa, na maneno ya mwenyeji kama alivyoyasema.

Namna ya kuomba ni hii. Acha kamera begani, ikiwa imefunikwa. Piga hodi, hata kama mlango uko wazi. “Jambo, papa. Jambo, mama. Mimi ni mtoto wa Tenke, napiga picha za nyumba za zamani ili zisisahaulike. Naomba ruhusa ya kupiga nyumba yenu.” Kisha kaa kimya. Utaulizwa unafanya kazi kwa nani, na swali hilo ni la haki: huku mtu anayepima na kupiga picha nyumba za watu mara nyingi ametumwa na mgodi. Jibu ukweli wote, onyesha karatasi, onyesha picha ulizopiga kwa jirani. Wazee wanaokumbuka Mei 1978, vita vilipoingia Kolwezi na askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka tarehe 19, wana sababu zao za kumwogopa mgeni mwenye mashine. Ukikubaliwa, piga picha, keti, kunywa ulichopewa. Habari za nyumba zinakuja kamera ikishawekwa chini.

Siku bora Kolwezi ni Jumapili, tangu kunapokucha hadi misa ya kwanza inapotoka. Malori ni machache, vumbi limelala, maduka yamefunga na milango yake ya chuma inaonekana, na baadaye barabara zinajaa watu waliovaa vizuri wakitembea taratibu kwenye jua la ubavu. Siku za kazi, angalia barabara zinazomwagiwa maji kwa ajili ya vumbi. Gari la maji likishapita una dakika chache za hewa safi na lami inayong’aa, na jengo linaonekana mara mbili, juu na chini.

Vumbi lenyewe ni adui wa kweli kuliko baridi. Kamera ibebe ndani ya mfuko wa plastiki uliomo ndani ya begi. Usibadilishe lenzi barabarani. Beba brashi laini, na kitambaa kikavu ambacho hukifutii kitu kingine chochote. Vumbi la huku lina chembe kali, ukilisugua kwenye kioo litachora. Lipulize kwanza, lipige brashi, ndipo ufute. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, na uichaji jana yake umeme ukiwapo. Kwa baridi, glavu za sufi zilizokatwa ncha za vidole zinatosha.

Ukipata siku mbili za ziada, nenda Likasi. Iliitwa Jadotville hadi mwaka 1966, imejengwa juu ya vilima, na mitaa yake ya katikati imehifadhi majengo mengi zaidi ya matofali na ya saruji yenye kona za mviringo kuliko Kolwezi. Vilima vinakupa kitu kisichopatikana kwingine katika ukanda huu: unaweza kupiga mtaa kutoka juu bila kupanda jengo. Chagua barabara inayoteremka kuelekea magharibi, uwe juu yake saa kumi na moja jioni.

Wa kutufungulia macho hapa ni mpiga picha Sammy Baloji wa Lubumbashi. Katika kazi yake ya mwaka 2006 iitwayo Mémoire, alichukua picha za kumbukumbu za wafanyakazi na mabwana wa wakati wa ukoloni, akazikata na kuzisimamisha mbele ya picha zake mwenyewe za mitambo ya Gécamines iliyoachwa. Yeye na wenzake wakaanzisha kituo wakakiita kwa neno letu wenyewe, Picha, na tangu 2008 wanaandaa maonyesho ya kimataifa Lubumbashi kila baada ya miaka michache. Kutoka kwake chukua wazo hili: picha ya jengo inapata nguvu ikikutana na picha nyingine ya mahali palepale.

Kwa hiyo chagua mahali kumi, si mia. Kila mahali weka alama yako: jiwe la ukingo, nguzo ya tatu kutoka kona, kizingiti cha duka. Andika urefu wa kamera kutoka chini, lenzi uliyotumia, saa na tarehe. Mwaka unaofuata, wiki ileile ya Juni, jua litakuwa pembe ileile na kivuli kitaangukia ufa uleule wa ukuta, hivyo chochote kilichobadilika kitakuwa kimebadilishwa na watu. Tunza nakala mahali pawili, moja ikiwa nje ya nyumba yako.

Na chapisha. Picha iliyomo ndani ya simu hufa na simu. Studio za mjini zinachapa kwa bei ya kawaida. Chapa kila nyumba mara mbili, nyuma andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino inayopenya karatasi: mtaa, namba ya nyumba, tarehe, jina la waliokuwa barazani kama wamekubali liandikwe. Nakala moja weka kwenye bahasha kavu. Nyingine uirudishe kwa mwenye nyumba kabla mvua za Oktoba hazijaanza, na ukifika tena piga hodi.